Uzito wa besi ya rege hautoki kwenye amplifaya

Wapigaji wengi wanaotaka kuiga mlio wa gitaa la besi la rege ya Jamaika ya miaka ya 1970 huanza kwa kuongeza sauti za chini za amplifaya hadi mwisho, wakiamini kwamba uzito ule hutokana na mitambo. Imani hiyo si sahihi, na matokeo yake ni mvumo mzito unaomeza noti zote.

Kinachosikika katika rege si wingi wa sauti za chini tu, bali zaidi ni upungufu wa sauti kali za juu. Uzi mnene kabisa wa besi, ukiwa wazi, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na hilo linatosha kabisa. Kazi inayobaki ni kuondoa mng'ao, yaani makali ya sauti za juu. Aston Barrett, mpiga besi wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, ambaye gitaa lake maarufu lilikuwa Fender Jazz Bass, hakuhitaji vifaa vya ajabu. Nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa hung'aa kidogo kuliko zile zilizozungushiwa waya wa duara, ambazo hukwaruza kidole. Kitufe cha toni kilicho kwenye gitaa kikipunguzwa, makali hupungua zaidi. Na uzi ukichunwa kwa nyama ya kidole karibu na shingo, badala ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, sauti huwa laini isiyo na makali.

Jambo linalosahaulika mno, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni ukimya: noti hukatwa kwa wakati wake, kwa kulegeza kidole cha mkono wa kushoto au kuugusa uzi kwa kiganja, ili ngoma ipate nafasi. Amplifaya hurekebishwa mwisho, tena kwa kiasi.