Ajira feki na kurudi kwa mwajiri wa zamani: tunayoaminishana hapa Mwanza

Mdogo wangu alivuka kutoka Sengerema alfajiri, shati limepigwa pasi, vyeti ndani ya bahasha ya kaki. Simu yake ilikuwa na ujumbe kwamba amechaguliwa kufungasha minofu katika kiwanda kimoja cha samaki, afike saa mbili asubuhi na aulizie mtu fulani wa ofisi ya utumishi. Siku tatu kabla alikuwa ametuma shilingi 45,000 za "kipimo cha afya na sare". Pale getini mlinzi, mtu mzima wa umri wa baba yetu, aliusoma ule ujumbe mara mbili, akamrudishia simu yake. "Mwanangu, hapa leo hakuna usaili. Na huyo mtu hatunaye." Kando ya ukuta walikuwa wamekaa vijana wengine wawili, kila mmoja na bahasha yake.

Mwaka huohuo mimi nilikuwa nimerudi kwenye kiwanda nilichowahi kufanya kazi ya stoo kwa miaka minne, na tayari nilikuwa nimeanza kujuta. Naandika mambo haya mawili pamoja kwa sababu kosa letu lilikuwa moja. Yeye aliuamini ujumbe kwa kuwa ulitaja kiwanda anachokijua, nami niliiamini ofisi kwa kuwa niliwahi kuingia humo kila siku. Tuliacha kuuliza pale ambapo maswali yalitakiwa kuanza.

Dhana: "Hela kidogo ya fomu ni kawaida, siku hizi kazi haipatikani bure"

Hii naisikia Buhongwa, naisikia Igoma, naisikia hata kwa wazazi wanaouza kuku ili mtoto apate hiyo hela. Si kweli. Kazi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huombwa kwenye mfumo wake wa mtandaoni bila kulipia chochote. Hata wakala binafsi wa ajira, anayefanya kazi hiyo kwa kibali, hutakiwa kulipwa na mwajiri anayemtafutia watu. Anayetafuta kazi hatozwi.

Utapeli huu unashika sana hapa kwetu kwa sababu umebebwa na ukweli. Mtu anayeshika chakula, awe wa kiwanda cha minofu au mama lishe wa soko la Mwaloni, kweli hupimwa afya. Tapeli analijua hilo. Anapokuambia "tuma hela ya kipimo" unajiona umeongea na mtu anayeijua kazi. Lakini tazama hela inaenda wapi. Kipimo hufanyika hospitali au kituo cha afya, wewe mwenyewe ukiwepo na mkono wako ukitolewa damu. Kama kituo ni cha serikali, unapewa kontroli namba na unabaki na risiti. Hakuna daktari anayempima mtu kupitia namba ya simu ya mtu wa utumishi. Sare nazo ni vivyo hivyo: kiwanda kikiamua kukukata, kitakukata kwenye mshahara baada ya kuanza kazi, na makato hayo yana masharti yake kisheria. Kabla hujaingia getini hudaiwi kitu.

Kuna gharama halali ambayo watu huichanganya na hii. Sekretarieti ikikuita kwenye usaili, tangazo husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Hiyo nauli unampa kondakta wa basi, na chakula unamlipa anayekupakulia. Anayesema "nitumie nauli nikukatie tiketi, utarudishiwa ukifika" ameanza kukuibia.

Dhana: "Jina lilitokea nilipotuma, kwa hiyo ni mtu wa kweli"

Mdogo wangu aliitetea hoja hii kwa ukali. Alipotuma, jina lilitokea, tena jina la mwanamke, la heshima kabisa. Jina linalotokea ni la aliyesajili laini. Anayeishika laini anaweza kuwa mwingine kabisa. Laini zetu husajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, na wapo wazee waliowekeshwa kidole mara mbili mbele ya msajili wa barabarani bila kujua kwamba ile ya pili ni laini ya mtu mwingine. Piga *106# leo hii uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha mpigie mama yako kijijini, umsaidie naye aangalie. Nimekuta watu wenye laini ambazo hawajawahi kuziona.

Ukishatuma na ukashtuka, dakika ni mali. Wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako waombe muamala uzuiwe kabla haujatolewa. Usifute ujumbe. Namba ya tapeli iripoti kwenda 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, halafu nenda polisi ukiwa na kumbukumbu ya muamala. Kujifanya mtu mwingine na kudanganya kwa njia ya mtandao ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ni ujinga wako tu. Mdogo wangu hakwenda kwa aibu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya zile 45,000, maana wale vijana wawili pale ukutani nao hawakwenda, na namba ile iliendelea kupokea hela za wengine.

Dhana: "Likiwa na nembo na lugha ya kiofisi, ni la serikali"

Nembo hunakiliwa kwa sekunde. Angalia anwani: tovuti za serikali huishia na go.tz, na barua pepe za taasisi zake pia. Tangazo lililopita makundi matano ya WhatsApp litafute kwenye tovuti ya taasisi yenyewe. Lisipokuwepo huko, liache.

Dhana: "Kampuni ikiwa ya kweli, na nafasi ni ya kweli"

Hapa ndipo mambo yangu yalipoanzia, na ndipo ninapoona watu hawasemi vya kutosha. Kuna tangazo lisilo la tapeli na bado halina kazi ndani yake. Kampuni ipo, geti lipo, bosi yupo, lakini mtu ameshapatikana na tangazo limewekwa kutimiza utaratibu. Au nafasi ilijazwa miezi mingi iliyopita na hakuna aliyeliondoa tangazo. Au ofisi inakusanya wasifu ziwepo kabatini, kazi kubwa ikitokea. Hakuna anayekuibia hela, lakini wewe umetoka Magu kwa nauli ya kukopa, umetoa kopi na umekesha na matumaini. Nayo ni hasara.

Halafu kuna aina iliyoninasa mimi: nafasi ipo, ila haikaliki. Nilikuwa naliona tangazo la kazi yangu ya zamani likirudi kila baada ya miezi michache. Cheo kilekile, maneno yaleyale. Nilijiambia wameshindwa kumpata mtu wa kuziba pengo langu. Nilifurahi, nasema kweli. Sikujiuliza wale waliokuwa wakiajiriwa kila mara walikuwa wanakwenda wapi. Tangazo lilelile likirudi mara tatu ndani ya mwaka, tafuta mmoja wa walioondoka umuulize. Mwanza si mji wa kukosa mtu. Kwenye daladala ya Nyakato tu utampata anayejua.

Dhana: "Nikirudi kazini kwangu naendelea nilipoishia"

Aliyekuwa mkuu wangu alinipigia simu. "Dada, nafasi yako ipo, wewe njoo tu." Maneno hayo niliyapokea kama mkataba. Niliacha kibanda changu cha uwakala wa pesa pale Igoma, nikarudi. Wiki ya tatu mkuu yule akahama, na ahadi zake akaondoka nazo. Kwenye karatasi nilikuta mkataba wa miezi sita, mshahara chini ya ule niliouacha, na kazi ya watu wawili kwa sababu mwenzangu wa zamu hakuwahi kuletewa mbadala. Msimamizi wangu mpya alikuwa kijana niliyemfundisha mimi kuandika vitabu vya stoo. Hakuwa mbaya. Lakini kila nilipotaja jinsi tulivyokuwa tukifanya zamani, uso wake ulifunga, na leo namwelewa.

Mtu anayerudi hubeba picha ya mahali alipopaacha. Wenzako wa zamani wameondoka, mashine zimebadilishwa, na samaki wakipungua ziwani zamu nazo hupunguzwa. Zile sababu zilizokuondoa ndizo mara nyingi hubaki palepale. Mimi niliondoka kwa sababu ya saa za ziada zisizolipwa. Nilirudi bila kuuliza kama sasa zinalipwa. Hazikuwa zinalipwa.

Kisheria pia kurudi ni kuanza. Mambo haya ningependa kila mfanyakazi wa viwanda vya ufukweni ayajue.

Kiinua mgongo hulipwa kwa utumishi usiokatika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka uwe umefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo na mwajiri ndiye awe amekuachisha. Malipo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mimi niliacha mwenyewe, kwa hiyo miaka yangu minne haikunipa senti, na niliporudi hesabu ilianza upya. Sikujua. Nilidhani "mfanyakazi wa zamani" ni hadhi fulani.

Muda wa majaribio nao unaweza kuwekewa tena, hata kama kila kona ya jengo unaijua. Kanuni zinasema uwe wa kiasi na usizidi miezi 12. Ongea kabla ya kusaini. Mtu waliyemjaribu miaka minne ana hoja nzuri ya kuomba upunguzwe au uondolewe.

Kwa upande mwingine, kuna muda wa zamani usiopotea, na wengi hawaambiwi. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haiwahusu waliofanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo, lakini sheria inasema iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Maana yake mikataba mifupifupi inayofuatana haikurudishi sifuri kila inapoandikwa upya. Kwenye likizo pia: mfanyakazi wa msimu ana haki ya likizo yenye malipo, na aliyeitwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri mmoja naye anayo, ikiwa jumla ya vipindi vyake imepita miezi 6 katika mwaka huo. Akina mama wanaochuna minofu wakiitwa samaki wakiwa wengi na kurudishwa nyumbani wakipungua, hili ni lao. Waandike tarehe zao kwenye daftari. Na namba ya uanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni ileile. Ukirudi, peleka ya zamani, usikubali kufunguliwa nyingine.

Ukiondoka, hata kwa hasira, dai cheti cha utumishi. Mwajiri anatakiwa kukupa. Na ukirudi, dai maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, kuanzia lini, kwa muda gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Sheria inamtaka akupe hayo unapoanza. Simu ya "wewe njoo tu" haina hata kimoja.

Dhana: "Kurudi ni kujidhalilisha"

Hapana. Nawajua waliorudi wakapewa cheo, kwa sababu walikaa mezani na kuweka masharti kabla ya kuacha walichokuwa nacho. Mimi ndiye niliyefunga kibanda kwanza.

Dhana: "CMA ni ya wenye wakili"

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi hapa Mwanza, na kufungua shauri hakulipiwi. Unajaza Fomu Namba 1, unampa mwajiri nakala, mnaanza kwa usuluhishi. Unaweza kwenda mwenyewe au na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Kinachowaangusha watu ni muda: shauri la kuachishwa kazi liwasilishwe ndani ya siku 30, mengine siku 60. Wengi huzimaliza siku hizo wakimsubiri bosi apokee simu.

Mkataba wangu ulipoisha sikuongeza. Kibanda cha Igoma kilikuwa kimeshapangishwa mtu mwingine, nikaanza upya Kishiri kwa meza na mwavuli. Mdogo wangu yuko Kirumba, anamsaidia mama mmoja mfanyabiashara kupakia dagaa, analipwa kila jioni. Bado anatafuta kazi, na kila tangazo analolipata hunitumia kwanza. La jana usiku liliahidi laki nane kwa mwezi kwa mtu wa darasa la saba. Chini yake alikuwa ameandika: "Dada, nimewauliza ofisi iko mtaa gani. Wamesoma, hawajajibu."