Je, Java lazima ipitie seva ya kati kufika Db2?

Wengi huamini kwamba programu ya Java iliyo nje ya meinfremu (kompyuta kubwa ya mashirika) haifiki Db2, hifadhidata ya IBM, ya z/OS (mfumo endeshi wa meinfremu) bila kupitia seva ya kati. Mifumo mingi ya zamani ilijengwa hivyo, na leseni ya kuunganisha ingali inahitajika. Pengine ndiyo maana imani hii imedumu. Lakini draiva ya JDBC (programu inayounganisha Java na hifadhidata) ya aina ya 4 huwasiliana na Db2 moja kwa moja kupitia TCP/IP, kwa DRDA, itifaki ya kuwasiliana na hifadhidata kwa mbali. Draiva ya aina ya 2 hufaa zaidi programu ikiwa ndani ya z/OS yenyewe.

Fungua mipangilio ya programu uone anwani ya hifadhidata. Ikianza na jdbc:db2:// kisha jina la mashine na poti, mara nyingi 446, hiyo ni aina ya 4. Mwombe msimamizi aendeshe amri ya -DISPLAY DDF, inayoonyesha mashine na poti za Db2 yenyewe: zikilingana na zilizo kwenye anwani, hakuna seva ya kati.