Kupanda dau kwenye mashindano ya poka mtandaoni ni nini?

Hapa pwani neno dau lina maana mbili. Kuna dau la majini, chombo cha tanga, na kuna dau la mchezo, pesa anazoweka mtu akitarajia zirudi na nyingine. Mchezaji wa poka akisema "nimepanda dau" anakusudia la pili. Mimi kila nikilisikia huliona la kwanza, kwa kuwa swali lenyewe ni la baharia: chombo chako kinaweza kuhimili bahari gani?

Tulitenge kwanza na neno linalofanana nalo. Kupandisha dau hufanyika ndani ya mchezo: mwenzako ameweka chipu 200, yaani vidonge vya kuchezea vinavyosimama badala ya pesa, wewe ukaweka 600. Hapo karata zikigawanywa upya, yamekwisha. Kupanda dau ni uamuzi unaofanywa nje ya meza. Mtu aliyezoea mashindano ya kiingilio cha dola 2.20 anaamua kuanzia sasa ataingia ya dola 11. Karata ni zilezile 52 na kanuni hazibadiliki. Kinachobadilika ni bei ya kuketi, na watu utakaoketi nao.

Mpwa wangu wa Kisauni, hapa Mombasa, alipanda mwaka jana. Alikuwa na dola 90 hivi kwenye akaunti, akashika nafasi ya kwanza katika mashindano ya dola 2.20 yenye watu wapata 400, mtaji ukafika 240. Siku ya pili akaja, hata kahawa hajaimaliza, akaniuliza, "Mjomba, si sasa niko tayari kwa kumi na moja?" Sikumjibu vizuri. Nilimwambia ajaribu. Alicheza mashindano 25, akapata zawadi ndogo mbili za dola 20 kila moja, akabaki na dola 5. Nimeandika haya kwa sababu ya jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kosa lake halikuwa uchezaji mbaya. Aliuchukua ushindi mmoja kuwa ushahidi, na mashindano ya poka hayaendi hivyo. Kwa kawaida kama asilimia 15 tu ya walioingia ndio hulipwa, na wengi wa hao hupata mara moja na nusu au mbili ya kiingilio chao. Pesa zenyewe ziko juu, nafasi ya kwanza hadi ya tatu. Kwa hiyo hata mchezaji hodari hupoteza mara nyingi sana, kisha siku moja anarudisha yote na ziada. Chukua mashindano ya watu 1,000, na wewe uwezo wako wa kushinda ni maradufu ya mchezaji wa kawaida. Utashika nafasi ya kwanza wastani wa mara moja katika kila mashindano 500. Lakini wastani haukuahidi kitu: uwezekano wa kucheza hayo 500 yote bila kuwa wa kwanza hata mara moja ni zaidi ya theluthi. Hodari, si mchovu, anayekaa miezi bila ushindi mkubwa. Ndiyo sababu mashindano 30 au 50 hayakuambii kama unajua. Mia kadhaa yanaanza kukuonyesha kitu, na hata hapo usiape.

Basi kupanda dau kunapimwa kwa mtaji, wala si kwa furaha ya jana. Mtaji hapa ni pesa zilizotengwa kwa mchezo peke yake. Kodi ya nyumba haimo, karo haimo, wala mkopo wa kwenye simu. Wachezaji wengi wa mashindano hutaka angalau viingilio 100 vya dau wanalocheza, na kama mashindano ni ya maelfu ya watu, 200 au zaidi. Chris Ferguson, Mmarekani aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alianza akaunti bila senti tano akaifikisha dola 10,000. Katika mashindano ya meza nyingi alijiwekea sharti la kutoingiza zaidi ya asilimia 2 ya alichonacho. Kwa hesabu hiyo ya viingilio 100, dau la dola 2.20 linataka mtaji wa dola 220, na dau la dola 11 linataka 1,100. Kwa pesa zetu za Kenya hiyo ya mwisho inapita shilingi laki moja na elfu arobaini. Mpwa wangu alikuwa na viingilio 21. Wazee walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Likienda joshi, ni Mungu kupenda. Mwenye viingilio 21 anangojea hiyo ya Mungu kupenda.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulikosea, nalo ni faida. Tuseme kwenye dola 2.20 unapata faida ya asilimia 30 kwa wastani, yaani senti 66 kwa kila mashindano. Ukipanda hadi dola 11 unakutana na wenye ujuzi zaidi, na faida inashuka hadi asilimia 10. Inaonekana umeharibikiwa, lakini asilimia 10 ya 11 ni dola 1.10. Unapata pesa nyingi zaidi huku ukiwa mdogo zaidi mbele ya wapinzani wako. Gharama yake ni kwamba faida ikiwa nyembamba, vipindi vya ukame hurefuka, na mtaji unapaswa kuwa mnene zaidi ya ulivyofikiri. Ongeza makato ya tovuti inayoendesha mchezo: katika dola 11, dola 10 huenda kwenye mfuko wa zawadi na 1 kwa wenye mchezo. Lazima uwashinde wenzako kwa zaidi ya hiyo moja ndipo uhesabu faida.

Na hao wenzako ni nani? Kwenye madau ya chini wengi hufuata tu dau la mwingine ili waone karata zinazokuja. Juu, watu hupandisha, hupandishiana, hukunyang'anya dau la lazima, zile chipu ambazo kila mmoja kwa zamu hulazimika kuweka kabla ya karata kugawanywa, kila ukizubaa, na nyumbani hujifunza kwa programu za kukokotoa hesabu za mchezo. Halafu kuna saa. Mashindano makubwa ya Jumapili hufuata jioni ya Ulaya, kwetu ni usiku, na anayefika meza ya mwisho huweza kusikia adhana ya alfajiri akiwa bado amekodolea skrini. Stima ikipotea, chipu zako zinaendelea kuliwa na dau la lazima kama kawaida.

Iko njia ya pembeni: mashindano ya kufuzu, ambapo kwa kiingilio kidogo unagombania tiketi ya mashindano makubwa. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alifuzu hivyo mtandaoni, akaingia mashindano ya dola 10,000 huko Las Vegas mwaka 2003, akawashinda watu 838 na kupata dola milioni 2.5. Huko si kupanda dau. Ni safari moja, na aliyefuzu si lazima arudi juu wiki inayofuata.

Anayepanda kwa mpango huweka namba mbili kabla hajaanza: ya kupandia na ya kushukia. Ya kushukia ndiyo ngumu. Mtu akishazoea kuona zawadi za dola elfu, zile za mia humkera, anabaki juu hadi akaunti inakauka. Lakini nahodha anayepunguza tanga upepo ukizidi hakuna anayemcheka bandarini, na mchezaji aliyerudi kwenye dola 2.20 bado ana mtaji wa kesho.

Na kama kwako kamari ni haramu, kama ilivyo kwa majirani zangu wengi Mji wa Kale, haya yote si ya kukuvuta.

Mpwa wangu siku hizi ana daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika 1,100, na chini yake 700. Kurasa zinazofuata ni tarehe, kiingilio, nafasi aliyotoka. Mara ya mwisho aliponionyesha, mtaji ulikuwa dola 163, na alikuwa bado yuko kwenye dola 2.20.