Jenereta ya gesi inagoma asubuhi ya baridi? Anza na mtungi, plagi baadae

Ikifika Juni na Julai wateja niliowauzia hapa Dar wanaanza kunipigia kutoka Makete na Njombe, kule nyanda za juu kwenye baridi, na kesi ni ile ile, fundi huku asubuhi haiwaki kabisa na nikiutikisa mtungi naisikia gesi imo. Imo kweli mkuu, ila haitoki.

Iko hivi, ndani ya mtungi gesi iko kama maji, na ili itoke kama hewa lazima ichemke. Propeni, moja ya gesi za mtungini, inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ndo maana nchi za theluji injini za propeni zinapiga kazi. Sasa mitungi yetu ya kupikia ni mchanganyiko, mna na gesi nyingine humo, byuteni, na byuteni ikifika karibu na nyuzi 0 inagoma kuchemka. Hapa Dar huwezi kuligundua hilo maana hata Julai usiku ukijifunika blanketi bado ni nyuzi 18 au 19 hivi. Kule alfajiri majani yana barafu, propeni inatangulia kutoka, byuteni inabaki chini imetulia, ndo hiyo unaisikia ikichezacheza.

Na gesi ikichemka inakula joto la mtungi wenyewe. Funga jenereta ya kilowati 5 kwenye mtungi wa kilo 6 pale Kariakoo na jua lote lile, uipe mzigo, baada ya muda mtungi unatoa jasho, halafu unashika utando mweupe kuanzia usawa wa gesi kushuka chini, na injini inaanza kumisi. Watu wanakimbilia kubadili regulata, kumbe mtungi mdogo tu! Weka wa kilo 38. Kwenye baridi umwagie maji ya uvuguvugu, moto usiusogeze kabisa, na ule mchezo wa kuulaza mtungi ili gesi iishe yote uache, gesi ya maji ikiingia kwenye regulata ni hatari.

Foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ni habari nyingine, mtungi wake umelazwa makusudi na inavuta gesi ya maji, inaenda kupashwa na maji ya moto ya injini. Kwa hiyo ukiwasha usikimbilie kubeba mzigo, iache iungurume kidogo ipate moto. Ikishapata moto na bado kile kifaa cha kupashia kinaganda, fungua rejeta ikishapoa, mara nyingi utakuta maji yamepungua.

Oili ya 20W-50 huko juu inakuwa nzito mno, tumia 10W-30 au 5W-30 kama kitabu cha injini kinaruhusu, maana stata ikizunguka kivivu betri inaishiwa nguvu, na gesi yenyewe inataka cheche kali kuliko petroli. Kama jenereta yako inakula vyote viwili, washa na petroli ndo uhamie gesi. Na koki ya mtungi ifungue taratibu, ukiikurupusha ile valvu ya usalama inaweza kujibana, utabaki unapiga stata wakati gesi imefungwa.