Je wajua? Famasi za Marekani bado zinapokea vyeti vya dawa kwa faksi, sasa kompyuta inavisomaje?

Wengi wetu tukisikia Marekani tunajua kule kila kitu ni kubofya tu, ila nyuma ya kaunta ya famasi ya kawaida bado kuna namba ya faksi na inafanya kazi kila siku. Kwa nini? Na hizo karatasi zikishaingia nani anazisoma, maana siku hizi kuna programu zinauzwa kwa maneno matamu kwamba zinasoma zenyewe na mfamasia abaki kuhakiki tu.

Tuanze na kwa nini. Vyeti vya kielektroniki vipo na ndo vingi, vinapita kwenye mtandao wa Surescripts ulioanzishwa 2001, na jimbo la New York liliwalazimisha madaktari kuvitumia tangu Machi 2016. Ila hata huko kuna misamaha, mfano mfumo ukigoma au umeme ukikatika. Sheria ya siri za wagonjwa ya 1996, HIPAA, nayo haikatazi faksi ilimradi uwe na tahadhari. Halafu kuna kituko ambacho mimi kinanichekesha: daktari anajaza cheti kwenye kompyuta vizuri kabisa, njia ya kielektroniki inafeli, mfumo wake unaamua wenyewe kukituma kwa faksi. Yaani maandishi safi yanageuzwa picha, picha inafika famasi, famasi inalipia programu ya kuirudisha picha iwe maandishi!

Sasa ile mashine ya kutoa karatasi, sehemu nyingi haipo tena, faksi inaingia kwenye seva na kukaa kama faili la picha kwenye foleni. Kazi ya kwanza ya programu hata sio kusoma dawa, ni kupanga, hii ni cheti kipya, hili ni jibu la daktari kuhusu kurudia dawa, hii ni barua ya bima, hili ni tangazo la mtu anauza viti vya ofisi, na hizi kurasa mbili ni za mgonjwa mmoja au wawili? Watu wanadharau hatua hii ila ndo inayookoa muda mwingi, maana mtu mwenye taaluma yake alikuwa anakaa kufungua takataka moja moja.

Baada ya hapo ndo inasoma herufi, na hapa tatizo ni picha yenyewe. Kiwango cha faksi kinachotumika mpaka leo kilipitishwa 1980, na kwenye hali ya kawaida kinachukua mistari 3.85 tu kwa kila milimita ya urefu wa karatasi. Piga hesabu, nukta ya kalamu yenye nusu milimita inapata mstari mmoja au miwili, basi. Ikichakaa kidogo njiani imepotea, au kinyume chake, uchafu kwenye kioo cha aliyetuma unageuka nukta ambayo daktari hakuiandika.

Chukua warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo dozi yake haina mchezo. Marekani vidonge vyake ni vya miligramu 1, 2, 2.5, 3, 4, 5, 6, 7.5 na 10. Daktari akiandika 2.5 nukta ikapotea, programu inasoma 25, inaangalia orodha ya dawa, haioni kidonge cha 25, inapiga kelele. Safi. Lakini daktari akiandika 1.0 nukta ikapotea inakuwa 10, na kidonge cha 10 kipo! Orodha haina cha kulalamika, kila kitu kinaonekana sawa na mgonjwa amekaribia kupewa mara kumi ya dozi yake. Hapo kinachoweza kumsaidia ni historia, yaani programu iulize mbona mwezi jana alichukua 1, au mfamasia ashtuke. Ndo maana Joint Commission, taasisi inayokagua ubora wa hospitali Marekani, tangu 2004 ina orodha ya maandishi yasiyotakiwa, na sifuri inayofuata nukta bila sababu imo, pamoja na herufi U badala ya neno uniti, kwa sababu 10U ya insulini inasomeka kirahisi kabisa kama 100.

Kwa hiyo programu nzuri haiamini macho yake, inatafuta kitu cha pili cha kulinganisha. Jina la mgonjwa linalinganishwa na tarehe ya kuzaliwa iliyoko kwenye rekodi, daktari anatafutwa kwa namba yake. Kwenye dawa zinazodhibitiwa daktari ana namba ya DEA, idara ya serikali inayosimamia dawa hizo, yenye herufi mbili na tarakimu saba, na hiyo ya saba ni ya kukagulia zingine. Mfano 1234563: jumlisha ya kwanza, ya tatu na ya tano unapata 9, jumlisha ya pili, ya nne na ya sita unapata 12, zidisha mara mbili 24, jumla 33, tarakimu ya mwisho ni 3, na kweli namba inaishia na 3. Kwenye namba hii programu ikisoma 8 badala ya 3 mojawapo, hesabu inakataa papo hapo. Jina la dawa halina kinga hiyo, ndo maana hydroxyzine na hydralazine bado zinawasumbua watu, moja ya mzio na nyingine ya presha.

Kila sehemu inapewa alama ya uhakika na mwenye famasi anaweka kiwango, chini ya hapo mtu asome. Akiweka chini sana makosa yanapita, akiweka juu sana kila cheti kinarudi kwa binadamu na hela imeliwa bure. Mimi naona hatari kubwa iko kwa yule binadamu mwenyewe, maana ukimletea fomu imeshajazwa na picha pembeni, baada ya vyeti kama mia hivi haangalii tena picha, anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Bora zile sehemu za hatari, nguvu ya dawa na maelekezo ya kumeza, aandike mwenyewe kwanza ndo mashine ilinganishe.

Mahali ambapo mambo yanaenda vizuri hasa ni kwenye kurudia dawa. Famasi ndo inayotuma fomu kwa daktari, imeichapa yenyewe na namba ya cheti juu, daktari anatia alama kwenye kiboksi, anasaini, anarudisha. Programu inasoma namba na kiboksi tu, mengine yote ilikuwa nayo tangu mwanzo.

Ila kuna vyeti ambavyo hata visomwe bila kosa havisogei. Dawa za kundi la pili la zile zinazodhibitiwa, kama oxycodone ya maumivu makali, faksi inaruhusu famasi kuanza kuandaa tu, mgonjwa hapewi mpaka karatasi halisi yenye saini ifike kaunta, isipokuwa wachache kama walioko kwenye nyumba za wazee au wanaouguzwa mwisho wa maisha, hao faksi yao inahesabika kama karatasi yenyewe.