Muswada Si Sheria: Tahadhari Kuhusu Viza za Wafanyakazi wa Msimu Marekani

Kila mjadala wa mageuzi ya uhamiaji unapopamba moto katika Bunge la Marekani, malalamiko ya aina moja huongezeka kwenye dawati letu: mtu amemlipa wakala ili aandikishwe mapema katika mpango mpya wa wafanyakazi wageni. Mpango huo haupo. Hakuna daftari la kujiandikisha kwa sheria ambayo haijapitishwa, na anayekuuzia nafasi ndani yake anakuibia.

Mwaka 2007 muswada wa Seneti uliobeba viza za wafanyakazi wa muda ulipata kura 46 za kusonga mbele, ilhali zilihitajika 60. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha mwingine kwa kura 68 dhidi ya 32, baada ya wawakilishi wa waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la AFL-CIO kuafikiana juu ya viza mpya. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa. Mwaka 2019, na tena 2021, Wawakilishi walipitisha muswada wa wafanyakazi wa mashambani, ukaishia Seneti. Mabaraza yote mawili lazima yapitishe andiko lilelile, kisha Rais atie saini. Tumelieleza hili mara nyingi mno, na bado tunaletewa video za mtandaoni kama ushahidi kwamba "imeshapita".

Kituo chetu hakina upande katika siasa hizo, lakini ni vyema kujua wanachogombania. Wenye mashamba wanasema mazao yanaoza kwa kukosa mikono. Vyama vya wafanyakazi vinahofia kibarua aliyefungwa kwa mwajiri mmoja, asiyethubutu kudai haki yake. Hofu hiyo ina msingi. Chini ya mpango wa Bracero, uliowaleta vibarua kutoka Mexico kati ya 1942 na 1964, wafanyakazi wa miaka ya mwanzo walikatwa asilimia 10 ya mishahara kama akiba, na wengi hawakuiona tena.

Sheria inayotumika leo ina viza mbili, H-2A ya kilimo na H-2B ya kazi nyingine za muda. H-2A haina ukomo wa idadi. H-2B ina 66,000 kwa mwaka wa fedha, nusu kwa kila miezi sita. Anayeanzisha maombi ni mwajiri, si wewe. Kwa H-2A, hupeleka tangazo la kazi kwa Wizara ya Kazi ya Marekani siku 75 hadi 60 kabla ya kazi kuanza, na maombi yenyewe kwa wizara hiyo siku zisizopungua 45 kabla. Kwa kawaida, akipata kibali cha wizara, hupeleka fomu I-129, yaani ombi la kuajiri mgeni, kwa mamlaka ya uhamiaji. Hiyo ikikubaliwa, ndipo wewe uliye nje ya nchi unajaza fomu DS-160 ya kuomba viza na kwenda kwenye usaili ubalozini. Kwa hiyo wakala anayekupa "viza" kabla ya kukutajia jina la mwajiri hana chochote cha kukupa.

Ada za kutafutiwa kazi haziruhusiwi kutozwa mfanyakazi wa H-2. Mwajiri wa H-2A hutoa makazi bure kwa wasioweza kurudi kwao kila siku, na lazima akuhakikishie angalau robo tatu ya saa zilizo kwenye mkataba.

Sasa tarehe. Muda wako wa kukaa nchini unasomwa kwenye I-94, yaani rekodi ya kuingia kwako Marekani, si kwenye viza iliyobandikwa katika pasipoti. Ukipitisha muda huo, viza hiyo inabatilika. Ukikaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, kisha ukaondoka, unaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3. Ukifikisha mwaka au zaidi, miaka 10. Masharti haya ni ya sheria ya 1996 na yanaendelea kutumika wakati Bunge linajadiliana. Mtu anayebaki kwa kusubiri msamaha kama ule wa 1986, uliohalalisha watu wapatao milioni 2.7, anahesabiwa siku kama wengine.

Makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili. Ikiwa umeshatozwa pesa, tunza risiti, ujumbe wa simu na nakala ya mkataba, kisha upeleke malalamiko kwenye kitengo cha mishahara na saa za kazi cha Wizara ya Kazi.