Somo la muziki si la wenye sauti nzuri pekee

Wazazi na wanafunzi wengi huamini kwamba somo la muziki kwa watoto wa miaka 11 hadi 14 ni la wenye kipaji, na asiye na sauti nzuri atafeli tu.

Inaeleweka, maana kinachoonekana na wengi ni kwaya jukwaani. Lakini somo la muziki wa jumla kwa kawaida hulenga mambo yanayofundishika: kushika mapigo bila kuharakisha, kusoma nota (alama za muziki zilizoandikwa), kueleza kilichobadilika katika wimbo, kutunga kipande kifupi. Anayejua kuwa nota nzima huchukua mapigo manne, na akayahesabu kwa makofi sawasawa, amefikia lengo hilo hata kama sauti yake inakwaruza.

Na kuimba nje ya tuni? Waliozaliwa na shida ya kutofautisha sauti za juu na za chini ni wachache. Wengi husikia vizuri. Koo ndilo halijazoeshwa.

Ukitaka kuhakikisha, mwombe mwalimu vigezo vya kutoa alama, uone sauti nzuri imepewa ngapi, kama imetajwa. Kisha mrekodi mtoto kwa simu akipiga makofi kufuata wimbo, na urudie baada ya wiki kadhaa za mazoezi.